Kompyuta ya Wauza Keki

Ukimuuliza mtu ni kampuni gani ya kwanza duniani kuipa kompyuta kazi ya kudumu ya ofisi, hesabu za biashara wiki baada ya wiki, atataja benki kubwa, au kiwanda cha ndege, au bima ya Marekani. Jibu liko magharibi mwa London, Hammersmith, ndani ya eneo la viwanda lililoitwa Cadby Hall, ambako harufu ya mkate ilitangulia kukupokea kabla hujafika getini. Mwenye kompyuta alikuwa J. Lyons & Co., wauza chai, keki na aiskrimu. Mwaka ulikuwa 1951, na kazi ya kwanza ya mtambo huo ilikuwa kukokotoa thamani ya mikate, keki na pai zilizotoka kwenye matanuri ya kampuni kila wiki.

Lyons ilianzishwa mwaka 1887 na koo mbili zilizooana, Salmon na Gluckstein, matajiri wa tumbaku. Hawakupenda jina lao lionekane kwenye biashara ya kuandalia watu chakula, wakaazima la jamaa yao Joseph Lyons, mtu mchangamfu aliyejua kuongea na umma. Mwaka 1894 walifungua duka la chai Piccadilly, na baadaye maduka yakafika karibu 250 nchi nzima: meza safi, bei zisizobadilika kutoka mtaa hadi mtaa, wahudumu wa kike waliovaa sare nyeusi na aproni nyeupe. Karani wa kike aliyetoka kazini peke yake angeweza kuketi akanywa chai bila kutazamwa vibaya, jambo ambalo London ya wakati ule haikumpa kirahisi. Lyons walioka wenyewe, walichanganya chai wenyewe, walisafirisha kwa magari yao, na walikuwa na shamba lao la chai huko Lujeri, Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Ukubwa huo ulisimama juu ya faida nyembamba mno. Mteja aliingia, akanywa chai, akala andazi, akalipa peni chache akaondoka. Faida ya kila muamala wa namna hiyo haikufika farthing moja, yaani robo ya peni. Biashara ya aina hii hufa bila kelele. Bei ya siagi ikipanda kidogo na wewe hukuijua hasara hiyo mpaka mwisho wa mwezi, umeshauza maandazi laki kadhaa kwa hasara. Ili kujua, unahitaji makarani: wa kujumlisha risiti, wa kuandika leja, wa kukagua waliojumlisha. Lakini karani naye ana mshahara, na mshahara wake unatoka kwenye farthing ileile. Lyons walikuwa na mamia ya makarani, wengi wao wasichana wadogo, walioshinda na mashine za kujumlishia. Swali lililowaumiza wakurugenzi lilikuwa ni la pesa, wala halikuwa la teknolojia: kujua biashara yako inavyokwenda kunagharimu kiasi gani, na je, gharama hiyo inalipa?

Mwaka 1923 wakamwajiri kijana aliyehitimu hisabati Cambridge kwa daraja la juu kabisa, John Simmons. Kampuni nyingi za wakati huo zingemweka mtu kama huyo kwenye takwimu na kumsahau. Simmons alipewa ofisi nzima aitazame kama kitu kinachoweza kuundwa upya. Akajenga idara ya utafiti wa mifumo, jambo lililokuwa geni hata Marekani, na watu wake wakawa na kazi moja tu: kwenda kwenye meza ya karani, kukaa naye, na kumuuliza kila karatasi inatoka wapi, inakwenda kwa nani, na huyo anayeipokea anaifanyia nini. Mara nyingi jibu la swali la mwisho lilikuwa kwamba haifanyiwi kitu. Karatasi hiyo ilifutwa. Fomu tatu ziliunganishwa zikawa moja. Kampuni ilianza kupiga picha ndogo za nyaraka badala ya kuzinakili kwa mkono. Kazi hii iliendelea kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya mtu yeyote pale Cadby Hall kusikia neno kompyuta, na kwa maoni yangu hapo ndipo historia yote hii ilipoamuliwa. Mengine yaliyofuata yalikuwa ni vyuma.

Baada ya vita, Mei 1947, Simmons aliwatuma wasaidizi wake wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, Marekani wakaone ofisi za huko zinavyoendeshwa. Ofisi hazikuwashangaza. Waliona mashine nzuri zaidi za kuandikia na kupanga faili, lakini hakuna aliyeuliza maswali ambayo Lyons walikuwa wakiyauliza tangu miaka ya ishirini. Kilichowashtua kilikuwa habari za mtambo wa kielektroniki uliojengwa kwa ajili ya kukokotoa njia ya mizinga. Wakaenda Princeton kumwona Herman Goldstine, mmoja wa waliohusika na mtambo huo. Goldstine aliwasikiliza wauza keki hawa kwa makini, kisha akawaambia kwamba nyumbani kwao, Cambridge, mwendo wa saa chache kutoka ofisini kwao, kulikuwa na mtafiti akijenga mashine ya aina hiyo. Walikuwa wamevuka Atlantiki kuambiwa habari za jirani.

Mtafiti huyo alikuwa Maurice Wilkes, na mashine yake iliitwa EDSAC. Pesa zilikuwa zikimpungukia. Thompson na Standingford walirudi na ripoti iliyosema wazi kwamba kompyuta ingegharimu takriban pauni 100,000 na kuokoa nusu ya kiasi hicho kila mwaka. Bodi ya Lyons haikuruka. Iliamua kwanza kumsaidia Wilkes kwa pauni 3,000 na kumwazima fundi wao wa umeme, Ernest Lenaerts, akafanye kazi Cambridge na kujifunza. Sharti lilikuwa moja: mashine ya chuo ikifanya kazi, ndipo ya kampuni ianze kujengwa. Tarehe 6 Mei 1949 EDSAC ilichapa jedwali la vipeo vya pili vya namba, na Lyons wakaanza.

Kwa nini wajenge wenyewe? Kwa sababu hakukuwa na duka la kununua. Walitangaza nafasi ya mhandisi kwenye jarida la sayansi, akaja John Pinkerton, mtulivu, mtu wa rada za wakati wa vita. Alichukua mchoro wa EDSAC akaubadilisha pale tu ilipobidi. Mtambo waliouita LEO, kwa herufi za kwanza za Lyons Electronic Office, ulijaza ukumbi mzima. Ulikuwa na valvu zipatazo 6,000 za aina ya zile za redio za zamani, na kumbukumbu yake ilikuwa mirija 64 ya chuma iliyojaa zebaki, ambamo data ilizunguka kama mawimbi ya sauti kutoka ncha moja hadi nyingine. Kumbukumbu hiyo yote haingetosha kuhifadhi picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo.

Valvu huungua. Zikiwa 6,000, moja inaungua karibu kila wakati, na mwanahisabati wa chuo anaweza kungoja hadi kesho, lakini mshahara wa Ijumaa haungoji. Pinkerton alitumia njia ya kuwabaini wagonjwa kabla hawajaanguka. Kila asubuhi mafundi walishusha na kupandisha nguvu ya umeme makusudi, ili valvu dhaifu ifeli wakati huo, mbele ya macho yao, ibadilishwe. Pia waliunganisha kipaza sauti na mtambo, na waendeshaji wazoefu walijua kwa sikio programu gani inakwenda, na kama imekwama mahali.

Kizingiti kikubwa hakikuwa valvu. Mwanahisabati anaingiza namba chache kwenye mashine na kuiacha izungushe hesabu kwa saa nzima. Mfanyabiashara ni kinyume chake: anaingiza namba elfu kumi, kila moja inajumlishwa mara moja tu, halafu anataka karatasi elfu kumi zitoke. Kompyuta ya Cambridge ingekaa bure ikisubiri kadi zisomwe. Lyons waliagiza mfumo wa utepe wa sumaku kutoka kampuni ya simu, Standard Telephones and Cables. Mfumo huo uliwachelewesha miaka kadhaa, na mwishowe haukufaa. Wakarudi kwenye kadi na tepe za karatasi zilizotobolewa, vitu ambavyo ofisi nyingi zilishavifahamu, ila wakapanga vizuri mashine kadhaa za kusoma na kuchapisha zifanye kazi kwa pamoja ili mtambo usikae ukingoja. Hili ni jambo ambalo wauza mifumo hawalipendi kusikia hadi leo: teknolojia ya kisasa zaidi kwenye mradi wa LEO ndiyo iliyoshindwa, na ya kizamani ndiyo iliyoufikisha mwisho.

Kazi ya thamani ya mikate ilianza kukabidhiwa LEO moja kwa moja Novemba 1951. Ilikuwa kazi ndogo kiasi, iliyochaguliwa kwa sababu ikiharibika hakuna atakayelala njaa. Mishahara ilikuja baadaye, na hapo tahadhari ilikuwa ya kiwango kingine. Kwa miezi mingi makarani na kompyuta walifanya mishahara ileile kwa sambamba, na kila tofauti ilifuatiliwa hadi ijulikane nani kakosea. Ilipofika majira ya baridi ya 1953 na kuingia 1954, LEO ikaachiwa kazi peke yake. Karani mzoefu alitumia kama dakika 8 kukokotoa mshahara wa mfanyakazi mmoja, pamoja na kodi, bima na saa za ziada. LEO ilitumia sekunde moja na nusu.

Msimamizi wa kazi hizo alikuwa David Caminer. Alipoteza mguu vitani Afrika Kaskazini mwaka 1943, akarudi Lyons, akashika idara ya utafiti wa mifumo, kisha akawa bwana mkubwa wa programu zote za LEO. Watu waliofanya kazi naye walimwogopa. Hakukubali programu hata moja iandikwe kabla kazi yenyewe haijachorwa hatua kwa hatua kwenye karatasi kubwa, mkuu wa ofisi husika akaisoma na kuikubali kwa mdomo wake kwamba ndivyo kazi inavyofanyika na ndivyo anavyotaka ifanyike. Kila programu ilipaswa kujikagua yenyewe. Ikikatika katikati, ilipaswa kuwa na mahali pa kuanzia tena badala ya kurudi mwanzo. Leo tunawaita watu wa kazi hiyo wachambuzi wa mifumo. Caminer aliifanya kazi hiyo kabla ya cheo hicho kuwepo.

Waandishi wa programu hawakutafutwa vyuoni tu. Kampuni iliwaalika wafanyakazi wake wajaribu mafunzo ya wiki moja yaliyokuwa magumu makusudi, mihadhara mchana na mazoezi usiku. Mary Blood, ambaye baadaye aliolewa akaitwa Mary Coombs, alikuwa amesoma Kifaransa chuo kikuu na kuja kufanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mauzo ya aiskrimu. Aliingia kwenye mafunzo, akafaulu, na mwaka 1952 akawa mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara. Alifariki mwaka 2022. Faida ya kuchukua watu wa ndani ilionekana haraka: walijua aiskrimu inavyouzwa, na waliweza kumwambia mhandisi kwamba agizo lake halina maana.

Lakini kazi iliyonivutia kuliko zote ni ile ya maduka ya chai, iliyoanza Oktoba 1954. Zamani, kila jioni msimamizi wa duka alijaza fomu ndefu ya mahitaji ya kesho: mikate mingapi, keki za aina gani, pai, sosi. Alijaza akiwa amechoka, alikisia, na fomu zilisafiri hadi Cadby Hall ambako kundi la makarani lilizikusanya, likajumlisha na kupeleka jumla jikoni. Kuiga utaratibu huo kwenye kompyuta kungekuwa rahisi: toboa kadi kwa kila fomu. Timu ya Caminer ilikataa. Walikwenda madukani, wakagundua kwamba Jumanne ya duka moja inafanana sana na Jumanne iliyopita. Basi kila duka likapewa oda yake ya kawaida kwa kila siku ya wiki, ikahifadhiwa kwenye kadi. Kwa saa iliyopangwa msichana wa makao makuu, mwenye vipokea sauti masikioni, alimpigia simu msimamizi wa duka, naye akataja mabadiliko tu: ongeza mikate kumi, punguza keki za krimu, kesho kuna mvua. Msichana alitoboa kadi palepale akisikiliza. Usiku LEO ilitoa idadi ya kuokwa, orodha ya kufungasha kwa kila duka, na mpangilio wa kupakia magari.

Msimamizi wa duka alipungukiwa na kazi badala ya kuongezewa. Hili silioni mara nyingi. Mifumo mingi inayoingia maofisini huanza kwa kumtaka mtu wa chini ajaze zaidi ili mtu wa juu aone zaidi. Hapa wa chini alipokea simu ya dakika chache, na wa juu hakupelekewa rundo la kurasa. Alipelekewa yale yaliyokwenda nje ya kawaida: duka ambalo mauzo yake yameshuka, keki inayobaki mezani kila siku. Hayo mengine aliachwa ayaamini.

Habari zikaenea, na watu wakaanza kubisha hodi. Idara ya hali ya hewa iliomba muda kwenye LEO kujaribu utabiri. Wanajeshi walileta hesabu za mizinga. Shirika la reli lilitaka umbali kati ya maelfu ya stesheni zake ili kupanga nauli za mizigo. Idara ya kodi ilileta majedwali ya makato ambayo yalipaswa kuchapwa haraka mara baada ya bajeti kusomwa. Na Ford, kampuni kubwa ya magari, ilikubali mishahara ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha Dagenham ikokotolewe na kompyuta ya wauza keki. Kwa kazi hiyo Ford haikununua mtambo, haikujenga ukumbi, haikuajiri fundi wa valvu. Ilipeleka data, ikapokea mishahara, ikalipa kwa kazi iliyofanyika.

Hiyo ndiyo huduma ya wingu, miaka hamsini kabla ya jina hilo kuenea. Na kama vile ilivyokuwa London, aliyeileta kwa umma miaka ya karibuni naye hakuwa mtengenezaji wa kompyuta. Amazon, wauza vitabu na bidhaa za kila namna, walianza mwaka 2006 kukodisha nafasi na nguvu za mitambo, kwa ujuzi walioupata wakiendesha duka lao wenyewe. Mwenye duka anayeteswa na faida nyembamba hujifunza kuendesha mitambo kwa bei ya chini, na akishajifunza anaona anaweza kuuza ujuzi huo. Tofauti ni kwamba mteja wa Lyons alipata pia watu wa Caminer, waliokuja kwake kuuliza karatasi hii inakwenda kwa nani. Mteja wa leo hupewa nenosiri na ankara ya kila mwezi.

Novemba 1954 Lyons waliunda kampuni tanzu, LEO Computers Limited. LEO II ilianza kazi mwaka 1957, kisha ikafika kwa wateja: watengenezaji wa sigara Wills wa Bristol, wafua chuma Stewarts and Lloyds wa Corby. LEO III, ya transista, iliyoweza kuendesha kazi kadhaa kwa wakati mmoja, ilianza mwaka 1962, na moja ya kwanza kabisa ilikwenda Johannesburg, kwa Rand Mines. Mitambo yao ilisifiwa. Mauzo yalikuwa hadithi nyingine. Mkurugenzi wa kiwanda aliyezoea kununua mashine za kadi kutoka kwa wauzaji waliomtembelea kwa miaka 30 hakuelewa kwa nini anunue kompyuta kwa watu aliowajua kwa biskuti. Wauzaji wa IBM walikuja na mtaji usio na mwisho. Lyons nao walimtaka mteja abadilishe kwanza namna anavyofanya kazi, na mteja mara nyingi alitaka tu mashine. Mwaka 1963 kampuni ya LEO iliunganishwa na English Electric, mwaka uliofuata Lyons wakauza hisa zao zilizobaki, na mwanzoni mwa 1965 LEO ya kwanza ilizimwa na kuvunjwa. Miaka mitatu baadaye serikali ya Uingereza iliyaunganisha makampuni yake ya kompyuta kuwa moja, ICL.

Mwaka uleule wa 1965, kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza lakini kimsingi ni mashine ya RCA ya Marekani yenye nembo nyingine. ICT ilikuwa mmoja wa wazazi wa ICL, kwa hiyo kufikia 1968 warithi wa LEO na muuzaji wa Dar es Salaam walikuwa nyumba moja. Ujuzi wa Caminer haukupanda meli pamoja na mashine. Kilichokuja ni makabati, nyaya na vitabu vya maelekezo.

Nchi ilikuwa na miaka minne ya uhuru. Wahasibu wa Kiafrika waliokamilisha mafunzo walihesabika, wataalamu wa kompyuta zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye kompyuta. Mfumo ulishindwa. Taarifa zilizotoka hazikuaminika, na Hazina ikarudi kwenye leja zilizoandikwa kwa mkono. Mwaka 1974, nchi ikiwa na kompyuta 7 tu na fedha za kigeni zikiwa zimekauka kwa bei ya mafuta na ukame, serikali ilitoa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Aliyetaka mtambo alipaswa kuomba ruhusa maalumu.

Amri hiyo imechekwa sana. Mimi siioni ya kuchekesha kihivyo. Serikali ilikuwa imelipia mashine, ikapoteza hesabu zake, na haikuwa na Simmons wa kukaa miaka 20 na makarani kabla ya mashine kufika. Kosa halikuwa kununua mapema mno. Lyons nao walianza mapema, tena walijenga kitu ambacho hakikuwepo. Pale Hazina utaratibu wenyewe wa kikoloni, wenye vocha zake na mihuri yake, uliingizwa kwenye kadi kama ulivyokuwa, na hakuna aliyekuwa na muda wala mamlaka ya kuuliza vocha ipi haina kazi. Ila dawa iliyochaguliwa ilidumu kuliko ugonjwa. Miaka ya 1980, kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kuingia ofisi za Nairobi kwa wingi, Dar es Salaam bado zilipitia milango ya ruhusa. Zuio lililegezwa polepole na kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Televisheni za Bara zikaanza kurusha mwaka 1994, zaidi ya miaka 20 baada ya Zanzibar.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi, na mengi yalikuja kwa mlango ambao hakuna aliyeupanga. TANESCO ilileta LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mamilioni ya kaya yakazoea kununua namba badala ya kungoja ankara. Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya, na mwenye duka la jumla Kariakoo akaanza kupokea malipo ya mteja wa Mbeya bila basi kubeba bahasha. Hawa hawakununua kompyuta wala kujenga ukumbi. Walikodi, kama Ford ya Dagenham, ila kwa shilingi chache kwa kila muamala na bila mkataba mezani.

Wizara ya Fedha yenyewe ilirudi uwanjani mwaka 2017. Hadi wakati huo kila wizara, wakala na halmashauri ilikusanya pesa kwa njia yake: mashine yake, kitabu chake cha stakabadhi, akaunti zake katika benki aliyoichagua mhasibu wake. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kusema kwa siku husika serikali imekusanya kiasi gani. Mfumo mpya wa kielektroniki wa malipo ya serikali ulijengwa na wataalamu wa ndani, na sheria ikabadilishwa ili malipo yote ya umma yapite humo. Mlipaji anapewa namba ya tarakimu 12, analipa kwa simu, kwa wakala au benki, na pesa inaonekana Hazina. Kabla taasisi haijaunganishwa ilipaswa kupanga upya ankara zake zote, ada kwa ada na faini kwa faini, kila moja ikiwa na msimbo unaoonyesha ni mapato ya aina gani na ni ya nani.